Mwenye Ng'ombe Alikuja Mchana

Nimeshachoka kusimulia kisa hiki. Kila nikikisimulia hakosekani mtu wa kuniuliza kama siku ile nilikuwa nimekunywa kitu. Sikunywa. Sikuwa na homa, sikuwa na njaa, na jua lilikuwa utosini. Watu wanadhani mambo ya namna hii yanapenda giza. Mimi niliyaona saa saba mchana, nikiwa kazini, na watu wazima wakiwa pembeni yangu. Wengi wao wapo hai hadi leo, ingawa hawapendi kuulizwa.

Mimi ni mtu wa mifugo. Nilizaliwa mbali na huku, nikaletwa Simiyu na ajira, na nimekaa Bariadi muda wa kutosha kuitikia salamu za Kisukuma bila kuchekwa sana. Natibu, nachanja, na tangu zoezi la hereni lianze, nawavisha ng'ombe hereni masikioni. Kila hereni ina namba yake, na namba hiyo inaeleza ng'ombe ni wa nani. Hereni ikishafungwa haifunguki. Ukitaka kuitoa, uikate yenyewe au ulikate sikio. Nakueleza haya mapema kwa sababu bila kuyajua hutaona kwa nini mpaka leo sijapata usingizi mzuri.

Kijiji chenyewe kiko mbele ya Mwamapalala. Jina lake naliacha. Hapo aliishi mtu anaitwa Jilala, mrefu, mpole, mwenye mikono migumu ya mtu wa jembe. Katika kaya yake alikuwepo mkewe, Nyanzala, mdogo wake, Limbu, na mwanawe wa pekee, Sayi. Walikuwa maskini, na maskini wa Usukumani unamjua kwa kuangalia zizi. Mara ya kwanza nilipofika pale, zizi lao lilikuwa limezungushiwa ua mzuri wa minyaa, lakini ndani Nyanzala alikuwa amepanda mchicha. Nikamtania kwamba ng'ombe wake ni wa kijani. Hakucheka. Akasema, "Daktari, wewe cheka tu. Huu mchicha ndio umetuvusha kiangazi."

Sasa nisikilize vizuri. Baada ya mwaka mmoja hivi nikapita tena na kukuta zizi limejaa. Ng'ombe wazuri, weusi kwa wekundu, pembe zimepinda vizuri, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikamuuliza Jilala kulikoni, naye hakunificha. Wakati ule alikuwa bado ni mtu wa kusema kweli.

Alisema asubuhi moja alitokea mzee kutoka upande wa Mwandoya, akiswaga kundi dogo la ng'ombe, peke yake, bila mbwa. Akamsalimu, akakaa, akamwambia, "Nkoi, rafiki yangu, nataka unitunzie hawa. Kwangu malisho yameisha." Huku jambo hilo lina jina, wanaliita kubilisa. Mwenye ng'ombe wengi anawapeleka kwa asiye nao. Anayetunza anakunywa maziwa, analimia maksai, anapata samadi. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe, mpaka siku atakapokuja na kukukatia wako kama asante. Hakuna kuandikishana. Ng'ombe akifa, unatunza ngozi yake, ili mwenyewe akija umwonyeshe kwamba hukumuuza wala hukumla kwa siri. Ngozi ndiyo shahidi wako.

"Jina lake nani?" nikamuuliza.

"Alisema ni mtoto wa Gamaya. Basi."

"Atarudi lini?"

"Atakapokuja," akajibu Jilala, kama vile swali langu lilikuwa la kitoto.

Niamini, kwa muda ilikuwa furaha kuwaona wale watu. Walikunywa maziwa mpaka mashavu ya Nyanzala yakajaa. Walilima kwa maksai, shamba la pamba likapanuka, na ng'ombe wale wakazaa kwa namna ambayo kama mtaalamu sikuielewa, maana karibu kila ndama alikuwa jike na hakuna aliyeharibu mimba. Wachache walikufa kwa maradhi ya kawaida. Jilala akawachuna, akazikausha ngozi na kuzitundika kwenye mapaa ya nyumba. Kila nikifika ananionyesha. "Hizi za mwenyewe," anasema. "Akija hatanikuta na aibu."

Miaka ikapita na mwenyewe hakuja. Unadhani shibe ilimwingilia nani kwanza? Si Jilala. Limbu alianza kuvaa viatu vya ngozi na kujiita mfugaji. Nyanzala akataka nyumba ya bati. Limbu akapeleka ng'ombe kadhaa mnadani, bati likaezekwa, na nyumba ya nyasi ikabomolewa. Zile ngozi zikawa hazina pa kukaa. Nyanzala akasema nyumba ya bati haitundikwi ngozi zinazonuka. Siku moja Jilala akarudi kutoka shambani akakuta Limbu amezichoma moto nyuma ya choo. Aliponisimulia hilo aliongea polepole sana.

"Nikamuuliza, mwenyewe akija nitamwonyesha nini? Akaniambia, kaka, mwenyewe amekufa huyo. Angekuwa hai angewasahau ng'ombe miaka yote hii?"

Nikamuuliza, "Na wewe unaonaje?"

Aliangalia bati lake jipya lilivyokuwa likimeremeta juani.

Halafu ikaja ndoa ya Sayi. Alimpenda binti anaitwa Wande, wa kijiji cha jirani, mtoto wa Masalu. Huyo Masalu hakuwa mtu wa kupunguza. Mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe wakatoka zizi lile lile, wale weusi kwa wekundu. Hapa ndipo ilipo shida ambayo mtu wa mjini haioni haraka. Usukumani ng'ombe wa mahari ndio wanaomfanya mtoto awe wa upande wa baba. Ng'ombe wakienda, watoto wanabaki kwenu. Ng'ombe wasipokwenda, watoto ni wa upande wa mama. Wande akajifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake, Jilala. Mzee alimpenda yule mtoto mpaka watu wakamcheka. Alikuwa akimweka begani na kwenda naye kuangalia ng'ombe, mtoto hata kukaa sawasawa hajui.

Ndipo zamu ya hereni ikafika kijijini kwao. Nilikwenda asubuhi na pikipiki na vifaa vyangu. Vijana wa pale walikuwa wamejenga njia nyembamba ya miti ambamo ng'ombe anapita bila kugeuka, na sisi tunambana sikio kwa koleo. Watu walijaa, kama kawaida panapokuwa na ng'ombe na kelele.

"Daktari," akapiga kelele jirani mmoja, "hereni za kike hizo! Mbona unalivalisha dume?"

"Atapata mchumba mjini!" akajibu mwingine, watu wakaangua kicheko.

Limbu alikuwa akitamba katikati yao, fimbo begani. "Cheka tu, wewe usiye na hata mbuzi wa kuvalishwa," akasema. "Leo serikali inajua mwenye mali ni nani."

Nilikuwa nimeshavisha kundi zima, wamebaki watatu au wanne, nikaenda kwenye pipa kunawa mikono. Nilipoinuka, mzee alikuwa amesimama karibu yangu. Sikumsikia akija. Alivaa shuka nyeusi iliyochakaa, hana viatu, na alinuka ngozi mbichi, harufu ya ng'ombe aliyechunwa sasa hivi. Ninaijua harufu hiyo vizuri. Nilitazama mikono yake nikitegemea kuona damu. Ilikuwa mikavu, imefunikwa vumbi. Kitu kingine nilichokiona ni nzi. Pale zizini nzi walikuwa wengi kuliko watu, walikaa usoni kwangu, walikaa kwenye pipa. Juu yake hapakuwa na hata mmoja.

"Mwadila," akanisalimu.

"Mwadila, namhala," nikaitikia, kama anavyoitikiwa mzee.

"Unawavisha kwa jina la nani?"

"La Jilala."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitisha alichokwisha kukijua. "Kamuulize tena," akasema. "Muulize mbele ya watu."

Ungefanya nini wewe? Kazi yangu inanitaka niwe na uhakika wa mwenye mifugo. Nikarudi pale, nikamwita Jilala, nikamuuliza kwa sauti, "Mzee, hawa ng'ombe ni wa nani?"

Jilala aliangalia nyuma yangu, akamwona yule mzee. Nakuapia, uso ulimpauka. Alimtambua. Mdomo wake ulifunguka, na mimi niliyesimama hatua mbili kutoka kwake niliona kabisa kwamba alikuwa anataka kusema kweli.

"Baba Sayi," Nyanzala akaita kutoka kivulini.

"Sema, kaka," akasema Limbu. "Daktari ana haraka."

Jilala akamtazama mkewe, kisha mdogo wake. "Ni wangu," akasema.

Yule mzee akasogea. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonisumbua. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka, aliyeuliza swali hilo hilo mahali pengi na kujibiwa vile vile.

"Ngozi ziko wapi?" akamuuliza Jilala.

Limbu akaingilia. "Ngozi gani, mzee? Wewe omba maji unywe uende zako. Hapa si kwenye sadaka."

Watu wachache wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Yule mzee hakumtazama Limbu kabisa. Alimtazama Wande, aliyekuwa amesimama na mtoto mgongoni.

"Na huyu mtoto," akamuuliza Jilala, "ametokana na ng'ombe wa nani?"

Jilala akasema kwa sauti ndogo, "Wangu."

"Haya," akasema mzee. "Nimesikia."

Akageuka, akapita lango la zizi, akaingia ndani katikati ya ng'ombe. Ua ule wa minyaa una lango moja tu, na sisi wote tulikuwa mbele yake. Hakutoka. Limbu akasema labda amekwenda kujisaidia, tumwache. Tukamalizia wale ng'ombe waliobaki. Nyanzala akaleta ugali na maziwa ya mgando, tukala. Jilala hakugusa chakula.

Nilipokwenda kuchukua koleo langu nililoliacha kwenye nguzo ya lango, nikachungulia zizini. Mzee hayupo. Ng'ombe walikuwa wamesimama kimya, wote wameelekeza vichwa upande mmoja. Na chini, juu ya samadi kavu, zilikuwa zimetapakaa hereni zangu. Nikaokota moja. Ilikuwa imefungwa. Nikaokota ya pili, imefungwa. Zote zilikuwa zimefungwa vile vile nilivyozifunga kwa koleo, kipande kwa kipande, kama vile hapakuwahi kuwa na sikio katikati yake. Nikamshika ng'ombe wa karibu, nikampapasa masikio yote mawili. Hakuna tundu. Hakuna kovu. Hakuna damu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemtoboa asubuhi ile.

Ng'ombe yule akavuta sikio lake mkononi mwangu kwa upole, akatoka langoni. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila vumbi kubwa na bila kulia. Mbwa wa kaya walikuwa wamelala pembeni wakiwatazama tu. Limbu akaruka na fimbo, akakimbia kuwakinga mbele. Alikimbia kweli, kijana mwenye nguvu zake, na wale ng'ombe walikuwa wanatembea tu. Lakini hakuwafikia. Tulimwona akikimbia mpaka akaanguka kwa kuishiwa pumzi, na kundi likiwa mbele yake kwa umbali ule ule.

Nikawasha pikipiki na kuwafuata. Sijui nilitegemea kufanya nini. Nilipofika kwenye mto mkavu hapakuwa na ng'ombe, ila nyayo zao zilikuwa kwenye mchanga, mbichi, wazi kabisa. Nikashuka nikaziangalia kama ninavyoziangalia kila siku kazini. Kwato zote zilikuwa zimeelekea kwa Jilala. Zilionyesha ng'ombe waliokuwa wanakuja, si waliokuwa wanakwenda. Nyayo za mtu hazikuwepo.

Unaweza kusema wameibiwa, na mimi nimechanganyikiwa na jua. Sawa. Basi nieleze la kesho yake. Niliamka nikarudi kwa Jilala, maana sikuweza kukaa, nikamkuta Masalu, baba yake Wande, ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini.

"Mahari yangu imeondoka," alikuwa akisema. "Jana mchana, ng'ombe wenu wamejitenga na wangu na kutoka zizini. Vijana wangu wamewashika mikia, wameburutwa. Wangu wamebaki. Wenu hakuna hata mmoja."

"Tutalipa wengine," akasema Sayi haraka. "Baba, nipe muda. Msimu wa pamba ukifika..."

"Mwanangu, sina ugomvi na wewe," Masalu akamjibu. "Lakini ng'ombe waliokuja kwangu hawakuwa wa baba yako, au sivyo, Jilala? Niambie walikuwa wako, nami nitaondoka peke yangu."

Jilala alikuwa amekaa chini, hata mkeka hakuwa nao. Akasema, "Hawakuwa wangu."

Alichelewa siku moja tu, wala si zaidi. Angeyasema hayo maneno jana yake, mbele ya watu wale wale, nadhani leo nisingekuwa na kisa.

Wande alilia. Nyanzala alilia zaidi, akashika miguu ya Masalu. Ni Jilala mwenyewe aliyemwambia anyamaze. Akaingia ndani, akamtoa mtoto usingizini, akamfunga mgongoni mwa mama yake, akaikaza kanga vizuri ili asidondoke njiani. Walipoondoka hakuwasindikiza. Kwa Wasukuma mgeni anasindikizwa, hata akiwa adui. Jilala alibaki pale, mikono inaning'inia.

Mimi ni mtu wa kufuatilia, siwezi kuliacha jambo njiani. Siku ya mnada nilikwenda Mwandoya nikauliza kuhusu mtoto wa Gamaya. Wengi walisema hawamjui. Bibi mmoja muuza tumbaku alinitazama sana kabla ya kujibu. Akasema alikuwepo mtu wa jina hilo zamani, yeye akiwa msichana, mwenye ng'ombe wa kufunika mbuga. Alipokufa alizikwa zizini, amefungwa ndani ya ngozi ya fahali, kama walivyozikwa wenye kaya wa kale. Ng'ombe wake wengi walikuwa wametawanywa kwa watu wa kutunza, na msiba ulipoisha, kila mtunzaji alisema aliokuwa nao ni wake. Watoto wake hawakupata kitu.

"Kwa nini unamuuliza?" akaniuliza bibi.

Nikamwambia nilitumwa tu. Nilinunua tumbaku yake, ingawa sivuti.

Kaya ya Jilala haikudumu. Limbu alimtuhumu shemeji yake kwamba ndiye aliyewaloga, maneno ambayo huku yanaweza kumuua mwanamke. Jilala akamsindikiza mkewe usiku huo huo hadi kwa ndugu zake Shishiyu, na hajarudi. Limbu aliondoka kwenda kutafuta dhahabu, na habari zake hazifiki. Sayi alilima msimu mmoja, wadudu wakamaliza pamba, akaenda kwa Masalu kumwomba mke wake bila kitu mkononi. Wakamkaribisha vizuri, wakampa chakula, wakamwambia aje na ng'ombe. Sasa yuko mjini Bariadi anaendesha bodaboda ya mtu. Tukikutana ananisalimia kwa heshima na kuondoa macho.

Ile nyumba ya bati bado ipo. Jilala anaishi humo peke yake. Nikipita namwona amekaa nje, amelipa zizi mgongo.

Na mimi? Bado ninavisha hereni. Lakini kabla sijabana koleo ninamuuliza mwenye ng'ombe mara mbili, halafu nasubiri kidogo na kuangalia nyuma yangu. Vijana ninaofanya nao kazi wananicheka. Wanasema daktari anazeeka. Acha wacheke.

Mwezi uliopita nilimkuta Jilala gulioni. Alikuwa amesimama kando ya muuza viazi, hanunui. Mbele yake kulikuwa na mtoto wa kiume wa umri wa kuanza shule, mrefu kwa umri wake, ameshika kamba ya mbuzi. Nilimjua kwa paji la uso, lile lile la Jilala. Mtoto alimwona mzee anamtazama, akainama kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," akasema Jilala. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Masalu," mtoto akajibu, akavuta mbuzi wake akaenda.

Jilala hakumwita. Alinigeukia, akaona nimeona, akasema, "Hajakosea."

Basi, ndugu yangu, ukipewa kitu cha mtu ukitunze, kitunze. Kunywa maziwa, limia, shiba, hayo ni yako. Na kama siku moja atatokea mtu aliyechoka, hata mchana kweupe, hata watu wakiwa wanacheka pembeni, akakuuliza mali hii ni ya nani, usimtazame mkeo, usimtazame ndugu yako. Mjibu. Hatakuuliza kwa hasira, na hatarudia swali mara nyingi.